Mithali 11:14 na shamba langu la paina: nimeuliza watu saba, nimfuate nani?

Kijana wa Mufindi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Shikamooni wakubwa wote.

Nina miaka 33, nina mke na watoto wawili. Nilipooa, baba alinigawia ekari nne, nikazipanda paina kwa mikono yangu mwenyewe. Miti ina miaka tisa sasa. Rafiki yangu tuliyesoma pamoja tangu darasa la kwanza amekuja na wazo: niuze miti ikiwa imesimama hivyo hivyo, yeye aongeze za kwake, tununue Fuso ya mtumba tuwe tunabeba mbao kupeleka Dar. Mnunuzi keshapatikana. Amefika shambani mara mbili, amezunguka, amepima kwa macho, ametaja bei ya shamba zima. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo anakwenda kwa jirani.

Nimekua nikilisikia neno la Mithali 11:14, “Pasipo mashauri taifa huanguka, bali kwa wingi wa washauri huja wokovu.” Kwa hiyo nimeuliza. Vijana watatu tunaoimba nao kwaya wote wamesema songa. Rafiki mwenyewe jibu lake mnalijua. Mhubiri mgeni aliyekuja kwenye mkutano wa injili aliniombea, akasema anaona magurudumu yakizunguka mbele yangu. Hao ni watano. Baba yangu alisema, “Miti haijakomaa,” akaondoka kwenda kuwapa ng'ombe majani. Mke wangu alisema, “Wewe ndiye kichwa, utakavyoamua.” Huyu sijui nimweke upande gani.

Sasa ninachouliza. Huo wingi wa washauri ni hesabu? Yaani watano wakisema ndiyo na mmoja akasema hapana, Mungu ameshajibu? Halafu kuna mpendwa ameniambia kwamba kuulizauliza watu ni upungufu wa imani, maana Yakobo 1:5 inasema mtu akipungukiwa na hekima aombe kwa Mungu, haisemi aende kwa wazee. Neno hilo limenikaa moyoni, usiku silali vizuri. Naombeni msaada wa Neno, na kama kuna mtu anajua mbao naye aseme.

Jemedari wa Imani

Kaka, Petro angeitisha kikao mle chomboni asingekanyaga maji hata hatua moja. Bwana alisema “Njoo,” akashuka. Umeshaombewa, umeshaambiwa magurudumu yanazunguka, unangoja nini? Wazee wetu wengi wameishi na kufa maskini kwa kungoja miti ikomae. Songa, tunakuombea.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sasa naishi hapa Mafinga. Nitaanza na Neno, kisha nikueleze yaliyonipata mimi kwenye mbao, kwa sababu njia unayoitazama nimeshaipita kwa miguu yangu.

Kuhusu hesabu, fungua 1 Wafalme 22. Ahabu anataka kwenda kupigana Ramoth-Gileadi, anakusanya manabii wapata mia nne, na mia nne wote wanamwambia akwee. Kama ni kwa kura, mfalme huyu alishinda vizuri kuliko wewe na watano wako. Jioni ya siku ya vita damu yake ilikuwa inatiririka ndani ya gari. Lakini ninachotaka ukisome polepole ni mstari wa 8. Yehoshafati, mfalme wa Yuda aliyekuwa naye, anauliza kama hakuna nabii mwingine wa BWANA wa kumwuliza. Ahabu anajibu kwamba yupo, Mikaya mwana wa Imla, ila anamchukia kwa sababu hambashirii mema. Umeona? Hakuhitaji kutafutiwa mtu. Jina alikuwa nalo mdomoni, na jina la baba yake pia. Siku zote alijua nani angemwambia kweli, akamruka, akaenda kujaza uwanja na mia nne.

Sasa nakuuliza wewe: wa nane ni nani? Umetaja watu saba. Yuko mmoja ambaye uliona jina lake likikujia ukalipita. Usinijibu hapa kama hutaki, lakini mtaje moyoni mwako.

Halafu soma 1 Wafalme 12, habari za Rehoboamu mwana wa Sulemani pale Shekemu, watu walipomwomba awapunguzie kongwa zito la baba yake. Watu hufundisha sura hii kama vile aliuliza vijana na kuwaacha wazee, basi. Mimi nimeifundisha hivyo hivyo kwa watoto wa shule ya Jumapili miaka mingi mpaka siku nilipousoma mstari wa 8 kwa kutulia. Wazee waliomtumikia Sulemani walimwambia awatumikie watu na kuwajibu maneno mazuri. Yeye akaliacha shauri lao, KISHA ndipo akawaendea vijana. Angalia mfuatano huo. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika. Kwa vijana alikwenda kutafuta maneno ya kuupamba, na anapoongea nao anasema “tuwajibu,” amejiweka pamoja nao tayari. Wala hao “vijana” hawakuwa watoto. Ukienda sura ya 14 mstari wa 21 utakuta Rehoboamu alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala, na hao walikua pamoja naye. Watu wazima kabisa. Ila walikuwa hawajawahi kubeba kongwa lile, na hasara ya kukosea haikuwa inawaangukia wao. Ilimwangukia Adoramu, msimamizi wa shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, akapigwa mawe akafa, na makabila kumi yakaondoka mpaka leo.

Vijana watatu wa kwaya, mwanangu, wanakupenda, sina shaka. Lakini miti ile ikikatwa wao hawapotezi hata mche mmoja.

Hilo la Yakobo 1:5. Nani alimwomba Mungu hekima kuliko Musa, aliyesema naye uso kwa uso? Lakini Mungu huyo huyo hakumwambia Musa kwamba kukaa tangu asubuhi hata jioni kuamua kesi za watu kutamuua. Alimwacha Yethro atembee jangwani, mkwe wake, kuhani wa Midiani, asiye hata Mwisraeli, aje, na kesho yake aangalie kazi ile, aseme, “Jambo hili ufanyalo si jema.” Kutoka 18. Musa angeweza kumjibu, mimi naongea na Mungu, wewe ni nani? Alisikiliza, akaweka wakuu wa maelfu na wa mamia na wa hamsini na wa makumi. Ukimwomba Mungu hekima usimchagulie mlango wa kuileta. Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, naye aliipata kwa kijakazi aliyetekwa vitani, na mara ya pili kwa watumishi wake waliomwita “Baba yangu,” wakamtuliza hasira alipokuwa akiondoka, ndipo akashuka mtoni. 2 Wafalme 5.

Sasa yangu.

Nilipopata kiinua mgongo changu niliona nisikiweke benki kikaliwa kidogo kidogo. Tulikuwa akina mama wanne kanisani, tukaamua kununua miti iliyosimama, tuipasue, tuuze mbao. Niliuliza watu. Nilimwuliza mchungaji, akaniombea. Niliwauliza wale wenzangu watatu, nao walikuwa na furaha kuliko mimi. Nilimwuliza binti yangu aliyeko mjini, akasema mama fanya kinachokufurahisha. Nikajiona nimetimiza Mithali. Lakini nina mdogo wangu wa kiume, fundi wa mashine ya kupasua mbao, ambaye ameshika msumeno tangu akiwa na miaka 17. Anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Huyo sikumwuliza. Na sababu naijua mpaka leo: nilijua atasema nini.

Miti tuliyonunua ilikuwa na miaka minane. Ilikuwa mizuri kwa macho, mirefu, imenyooka kama askari wa gwaride. Tulipasua mbili kwa nne, tukazipanga na vijiti katikati ili zikauke. Wiki ya tatu nilikwenda kuziangalia, nikadhani mtu amezichezea. Zilikuwa zimejikunja, nyingine zimejisokota kama kamba. Mteja kutoka Dar alikuja akachagua moja, akaacha mbili, akachagua moja, akaacha mbili, mpaka rundo la kuachwa likawa kubwa kuliko alilopakia.

Ndipo nikamwita mdogo wangu. Hakunigombeza. Alichukua ubao mmoja akaulaza kwenye sakafu ya baraza, akaweka kidole kwenye pembe, ubao ukanesa upande huu na huu kama kiti chenye mguu mfupi. Akaugeuza, akanionyesha ule mwisho uliokatwa. “Dada, angalia miduara.” Ilikuwa mipana, mmoja upana wa kidole changu. Akakwaruza katikati kwa ukucha wa dole gumba, ukucha ukazama. Akasema mti ukikua upesi hivi, katikati yake bado ni mtoto, na mbao ya mtoto ikikauka inarudi inakotaka. Maneno yale yangenigharimu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Yalinigharimu zaidi ya nusu ya kiinua mgongo, na urafiki na mmoja wa wale akina mama haujarudi kama zamani.

Kwa hiyo mimi Mithali 11:14 siisomi tena kama idadi. Naisoma pamoja na 12:15, kwamba njia ya mpumbavu imenyoka machoni pake mwenyewe. Washauri wanahitajika kuwa wengi kwa sababu kila mmoja amesimama mahali tofauti, na mmoja wao ataona pale ambapo wewe huoni. Ukiuliza watano waliosimama mahali pamoja umeuliza mmoja.

Nina la mwisho, na hili naliandika kwa uchungu. Baba yako amekupa maneno mawili, wewe umeyahesabu kama kura moja ukaendelea. Mithali 20:5 inafananisha shauri lililomo moyoni mwa mtu na maji ya kilindi, na mwenye ufahamu ndiye anayeyateka. Yanatekwa, mwanangu, hayaji yenyewe. Baba yako ni kisima, nawe umesimama mdomoni ukaona giza ukaondoka. Mfuate huko kwenye ng'ombe. Shika panga, kata naye majani, umwulize: haijakomaa kwa nini? Ikomae lini? Wewe ulipouza ya kwako ilikuwa na miaka mingapi? Na mkeo hivyo hivyo. “Wewe ndiye kichwa” si shauri. Mara nyingi mwanamke husema hivyo pale anapoona hujaja kuuliza, umekuja kutoa taarifa.

Dereva wa Kitonga

Mwalimu ameongea, sina cha kuongeza kwenye Biblia. Mimi nina gari, niongee gari.

Ndugu, hiyo Fuso umeshaiona? Si picha ya simu, gari lenyewe. Nenda na fundi ambaye hajui muuzaji ni nani wala hapati chochote mkinunua. Liwashwe asubuhi likiwa la baridi. Aingie chini aangalie chesisi kama imeungwa. Halafu ujue mbao si mzigo wa kupakia na kuondoka. Kila safari unahitaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, na njiani kuna mizani: Wenda, Mikumi, Vigwaza. Ukizidisha uzito unalipa, na faida ya safari imeishia hapo. Kuteremka mlima Kitonga na mzigo wa mbao ukiwa na breki za kubahatisha sitaki hata kukueleza. Tairi za gari hilo ni sita, na hazichakai moja moja kwa kupokezana.

Kingine, mmeandikishana? Gari litakuwa jina la nani? Ninyi marafiki wa darasa la kwanza ndio mnaoona aibu kuulizana hayo. Ulizaneni sasa mkiwa bado mnapendana.

Msomaji wa Beroya

Shikamoo Mwalimu. Nimebarikiwa, lakini naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Kwenye 1 Wafalme 13 yuko mtu wa Mungu kutoka Yuda aliyeambiwa asile mkate wala asinywe maji Betheli. Nabii MZEE akamfuata, akamwambia malaika amesema naye, kumbe anasema uongo. Akamsikiliza mzee, akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Tena Matendo 21, ndugu wote pale Kaisaria walimsihi Paulo asipande Yerusalemu, naye akakataa, na tunamheshimu kwa kukataa. Kwa hiyo kuna wakati shauri la wazee na la wengi ni la kuachwa. Tutajuaje?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Umeuliza vizuri na sitakujibu haraka haraka.

Yule mtu wa Mungu alikuwa na agizo lililo wazi. Halikuwa jambo la kushauriana. Mahali Mungu ameshasema usiibe, huendi kutafuta washauri kama uibe. Lakini kuuza miti ya miaka tisa au ya kumi na minane hakuna aya. Hapo ndipo Mungu ametuachia macho, hesabu, na watu.

Na huyo nabii mzee mwangalie tena alivyosema: malaika amesema nami. Shauri la namna hiyo huwezi kulihoji. Huwezi kumwuliza malaika yupi, lini, alisimama wapi. Unalimeza au unalitema. Ndiyo maana yale magurudumu ya mhubiri mgeni yananitisha, japo simhukumu, huenda aliomba kwa moyo safi. Lakini “Miti haijakomaa” ni neno unaloweza kwenda nalo shambani ukalipima kwa futi. Mshauri wa kweli hakasiriki ukimwuliza umejuaje.

Paulo, ndiyo, alikataa. Nabii Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo, watu wakalia, na Paulo akasema kulia kwao kunamvunja moyo. Hakuwapuuza. Alisikia kila kitu, akakubali kila walichosema kuwa ni kweli, na mwili utakaofungwa ulikuwa wake. Kijana wetu hapa akikosea watakaofungwa ni watoto wawili walioko shule.

Jemedari wa Imani

Mwalimu, naomba radhi kwa jibu langu la kwanza, niliandika nikiwa na moto. Hili la kuhoji shauri sikuwa nimelifikiria.

Kijana wa Mufindi

Wapendwa, nimerudi. Nilikaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa natembea.

Mwalimu, wa nane yupo. Ni kaka wa mama yangu, mjomba anayepasua mbao. Sikumwendea kwa sababu mwaka juzi alinisema mbele ya watu msibani kwamba mimi ni mtu wa haraka. Nilikwenda Jumatano. Aliniuliza swali moja tu: miti iko mingapi? Nikashindwa kujibu. Nimepanda mwenyewe, nimepalilia mwenyewe, na idadi siijui. Akanitazama muda mrefu, akasema, “Mnunuzi anaijua.” Akanieleza kwamba kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu ekari moja inabeba kama miti 450, kwa hiyo ekari nne zikishika vizuri ni kama 1,800. Tukaigawanya ile bei kwa 1,800. Sitaandika hapa ilikuja ngapi kwa mti mmoja. Nilikaa chini kwenye magogo.

Mke wangu nilimwuliza juzi usiku, watoto wakiwa wamelala. Nilimwambia sijaamua, nataka kujua yeye angefanyaje. Alinyamaza, nikadhani amesinzia. Kisha akasema yeye angepunguza mistari tu, akauza ile myembamba kwa nguzo, ada za shule zipatikane, na iliyobaki ipate nafasi ya kunenepa. Kumbe amekuwa akilifikiria tangu mwaka jana na anajua mistari ipi. Ananiambia ile ya upande wa bondeni imebanana mno.

Rafiki yangu nimemwambia sina jibu mwisho wa mwezi huu. Amekasirika. Nimemwambia gari tukaliangalie pamoja na fundi wangu, hajanijibu bado. Hilo linaniuma na naomba mniombee.

Baba nilimkuta kwenye ng'ombe kama Mwalimu alivyosema, nikachukua panga. Tulikata majani bila kuongea mpaka mzigo ukatosha. Nilipomwuliza alivyouza ya kwake, aliweka mzigo chini, akaniambia aliuza ikiwa na miaka kumi kunilipia sekondari, na kwamba jirani aliyengoja mpaka kumi na minane alijenga nyumba ile yenye bati jekundu ninayoipita kila siku. Sikuwahi kulijua hilo. Miaka yote hii sikulijua.

Jumamosi tunakwenda naye shambani kuhesabu. Amesema nije na futi ya fundi cherehani ya kuzungushia mashina, na chaki ya kutosha.